Malezi Yaliyomfurahisha Wifi

Jirani yangu mshonaji, ambaye sote tunamwita Fundi, Mungu hakumjalia mtoto. Mdogo wake wa kiume alipofiwa na mke akaoa mwingine, yule bibi mpya alisema wazi kwamba hawezi kuishi na watoto wanaotupa viatu na madaftari kila mahali. Basi mabinti wawili wakaletwa kwa shangazi yao, mkubwa ana miaka saba, mdogo minne.

"Ni kwa muda tu, dada," baba yao alisema. Fundi akaomba kimoyomoyo muda huo usiishe.

Chumba chake cha mbele ndicho cha kushonea. Wiki ya kwanza tu mdogo, tuliyempachika jina la Kimbunga, alikanyaga pini. Fundi hakumchapa mtu. Aliweka sharti: hakuna kugusa chakula mpaka kila mmoja aokote alichotawanya, yeye mwenyewe akiwemo. Akapigilia misumari ya kutundikia sare na mifuko, ya watoto chini wanapofikia. Miezi ya mwanzo ilikuwa vuta nikuvute, chakula kilipoa mara nyingi. Mwishowe ikawa mazoea, hata wakaanza kumkamata yeye.

"Shangazi, mkasi uko kitandani."

"Nimeuacha upumzike."

"Basi na chakula chako kipumzike," Kimbunga alimjibu, na Fundi akainuka huku anacheka.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha baba yao akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kuwaona, na huenda akawachukua. Fundi akaja kwangu.

"Akiona wanavyoishi kwangu, dada, atapata wapi moyo wa kuwahamisha?"

Tukaomba pamoja. Niliamini ombi letu ni jema.

Siku hiyo nilikuwepo. Mabinti walirudi kutoka dukani, viatu wakavipanga mlangoni, chenji wakaiweka kwenye kopo lake. Mgeni hajamaliza kufuta mdomo, kikombe chake kimeshaoshwa. Baba yao akabaki anawatazama. Akatoka nje na simu, akarudi uso umechangamka.

"Dada, hongera. Mwenzangu nimemweleza kwamba kile alichokuwa analalamikia kimekwisha. Amesema niwalete."

"Lini?"

"Leo hii. Si wanajua kila kitu kilipo? Hawatachelewa."

Kweli hawakuchelewa. Mkubwa alikunja nguo zake na za mdogo wake, hakusahau hata soksi. Fundi alisimama na utepe wa kupimia shingoni. Kimbunga akauliza kama Jumatatu watarudi shuleni kwao. Baba yao akabeba mifuko.

Baada ya mwezi nilimpelekea Fundi sketi ya kupunguza, na wifi yake akapiga simu. Mikono ya Fundi ilikuwa kwenye cherehani, akaiweka simu kwenye spika.

"Wifi, umenilelea watu. Huyu mkubwa anaamka kabla yetu, anadeki nyumba nzima, anafua hata nguo za wageni. Yule dada wa kazi nimeshamwondoa."

Fundi akasimamisha cherehani. "Nipe niongee naye."

"Anaosha vyombo, wifi. Jaribu siku nyingine."

Simu ikakatika. Nilitafuta neno la Mungu la kumfariji, sikulipata.

"Na mimi ndiye niliyemfundisha," alisema Fundi, akaanza kufumua mshono uliokwenda upande.