Wimbo wa Mikono Minne

Kwaya yetu ya parokia, hapa Songea, ina kinanda kimoja na wapiga kinanda wawili, wazee wote, na kila mmoja anaamini mwenzake anakipiga kama anatwanga mahindi. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Ilipokaribia sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, wote wawili walitaka kupiga, nami sikuwa tayari kununiwa mwaka mzima. Nikatafuta wimbo wa mikono minne, unaopigwa na watu wawili kwenye kinanda kimoja. Kama ulikuwa mzuri au la, sikuangalia.

Mazoezini ukazuka ugomvi mpya: nani akae kulia, kwenye sauti za juu zinazosikika. Nikachoka, nikasema basi, wabadilishane kila ubeti unapoisha. Wimbo una beti saba.

Siku yenyewe baridi ya Julai ilikuwa kali, na wote wawili walivaa makoti mazito. Kila ubeti ulipoisha waliinuka, wakapishana kwa shida nyuma ya benchi, wakakaa tena. Mara ya nne koti la mmoja lilinasa kwenye msumari wa benchi, ikabidi turudie kiitikio mara tatu tukimsubiri ajinasue.

Baada ya misa mama mmoja alinifuata, akanishika mkono.

"Mwalimu, ule wimbo mzuri sana. Urudieni na Jumapili ijayo."

Nikamuuliza kama waimbaji wa besi walisikika vizuri kule nyuma.

Akauachia mkono wangu.

"Kwani mlikuwa mnaimba?"