Nilisema "hit the ground running" kwa interview, gambuti za mathe zikanitetea

Wakuu, salamu kutoka Naivasha. Hii si hekaya. Mwenye kubisha aje nimwonyeshe gambuti zenyewe.

Naona vijana humu wanauliza maana ya "hit the ground running". Ni kuanza kazi kwa kasi tangu siku ya kwanza, bila kungoja kushikwa mkono. Mimi niliisema, nikaambiwa niithibitishe papo hapo.

Kwetu ni Olenguruone. Mvua ikinyesha, unatoka nyumbani na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na viatu vya maana viko kwa mfuko. Ukifika stage unabadilisha, gambuti unamwachia mwenye duka hadi jioni. Asubuhi ya interview mathe alinilazimisha kuvaa zake.

Kufika stage, duka limefungwa!

Nikazibeba na matope yake hadi shamba la maua lililoniita huku Naivasha. Nilikuwa nimetafuta kazi mpaka mathe akaacha kuuliza, na hiyo ndiyo interview ya kwanza kupata. Aibu, wakuu. Mfuko nikauficha chini ya kiti.

Tulikuwa wanne, tukaitwa pamoja. Meneja, mama mkali, akauliza kila mtu atafanya nini akiajiriwa.

Wa kwanza: "I will hit the ground running." Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza "madam". Mimi nilikuwa nimeikariri wiki nzima, ningesema nini kingine?

Mama akasimama. "Sawa. Bomba imepasuka kwa greenhouse. Twendeni mnionyeshe hiyo running."

Mlangoni kuna beseni la dawa, lazima ukanyage ndipo uingie, usipelekee maua magonjwa. Ndani ni tope tupu. Wenzangu wakatazama viatu vyao vilivyochongoka.

"Madam, hakuna njia ingine?" mmoja akauliza.

Mimi nilirudi mbio kwa ule mfuko. Nikavaa, nikakanyaga dawa, nikaingia hadi kwa valvu na kufunga maji. Nilitoka nimelowa hadi tai.

"Kijana, ulikuja interview na gambuti?"

"Ndio, madam." Habari ya duka nikaimeza.

Kazi nikapata. Nilifurahi hadi nikalia, sifichi.

Funzo: anayeanza kwa kasi ni yule aliyefika akiwa tayari, hata kama aliyemtayarisha ni mamake. Nilipompigia mathe simu nikijisifu, alicheka sana. "Hiyo kazi ilipewa gambuti. Wewe ulizisindikiza tu."

Nani mwingine alishikwa na maneno yake kwa interview? Tupia hapa chini. Mimi naosha gambuti, mwenyewe anazitaka Jumapili.