Mashine Ipi Inasaga Leo

Rafiki yangu hajui kungoja. Nasema hivi kwa kumsifu, ingawa mwanzoni nilikuwa nikisema kwa hasira. Ukimpa chai ya moto ataimimina nusu kwenye bakuli ili ipoe upesi, na ukianza kumsimulia jambo kwa mpangilio wake atakuuliza mwisho wake uko wapi. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Kwetu habari haina haraka, na mtu asiyejua kuzungusha maneno tunamwona kama mgonjwa.

Tulikutana Mbarara kwenye kozi ya kompyuta. Laptop hazikututosha, tukapangwa wawili wawili, na mimi nikaangukia kwake. Yeye ni binti wa sajini, amezaliwa na kukulia katika nyumba za kambi ya jeshi. Mimi nilivuka mpaka kutoka Kivu Kusini nikiwa mgongoni mwa mama, nikakulia Juru, kijiji kimoja cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katikati ya mashamba ya maharagwe na mahindi. Siku ya kwanza alininyang'anya kibodi kwa sababu nilikuwa naandika polepole. Siku ya pili nilimnyang'anya mimi. Baada ya hapo tukawa marafiki, na sijui kulieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Kozi ilipokwisha nilibaki Mbarara, nikapanga chumba mtaa wa Nyamityobora nyuma ya saluni moja, nikawa nasuka nywele asubuhi na kugusa kompyuta jioni. Laptop tuliyoinunua kwa kuchangiana ilikuwa imekufa betri. Iliishi kwenye soketi ya ukutani, na umeme ukikatika, kila kitu ambacho hujakihifadhi kimekwenda. Rafiki yangu alijifunza kuhifadhi kila baada ya mstari mmoja. Mimi nilijifunza kulia.

Jumamosi moja nikampeleka kwetu Juru. Tulifika mama akiwa hayupo. Alikuwa ametoka tangu asubuhi na gunia la mahindi kwenye baiskeli, kwenda kusagisha. Alirudi jua limeshapinda, na mahindi ni yaleyale. Mashine ya karibu ilikuwa imekatika mkanda. Ya pili, mwenyewe alikuwa amekwenda Endiinzi kutafuta dizeli. Ya tatu inasaga, lakini alipofika foleni ilikuwa ndefu na mguu umeshaanza kumvimba, akageuza. Alitusimulia haya yote akicheka, tena kwa urefu, na sauti za watu wote aliokutana nao njiani. Usiku ule tulikula viazi vitamu badala ya ugali.

Mimi nilicheka pamoja na mama kwa sababu hiyo ni hadithi ya kila wiki. Rafiki yangu hakucheka. Aliuliza kama kuna mtu mwenye simu karibu na kila mashine. Mama akasema wapo, simu za kugusa zimejaa siku hizi, hata mwalimu wa kwaya anayo. Basi kabla sahani hazijaoshwa alikuwa ameshaamua: programu ya simu, kitu kidogo tu, inayomwambia mtu mashine ipi inasaga leo kabla hajafunga gunia kwenye baiskeli. Kwa sauti, kwa kuwa wengi hawasomi. Nilimtazama nikaona aibu kidogo. Nimekula viazi vya namna ile miaka yote na sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kutengenezwa.

Tuliporudi Mbarara tukakuta redio inatangaza jeshi linaandikisha vijana. Baba yake akasema safari hii binti yake atakwenda kukimbia na wenzake zile mbio za kuchuja wanaoandikishwa.

Sitaki mtu amwone yule mzee kama mkatili. Jeshi lilimpa nyumba, dawa watoto wake walipougua, na heshima popote alipopita. Alikuwa anataka kumpa mwanawe kitu anachokijua kuwa ni cha kweli. Kompyuta kwake ilikuwa mchezo wa watu wanaokaa. Lakini ni mtu wa haki, na binti yake alipomwomba amwache na kompyuta, alimpa sharti moja: hicho kitu chenu akione kinafanya kazi mbele ya watu wanaokihitaji, kwa macho yake, kabla ya siku ya kuandikishwa. Kisipofanya kazi, anakwenda kukimbia. Rafiki yangu alikubali palepale, akaja kuniambia kwa sentensi mbili, akakaa kwenye laptop.

Sijaona mtu akifanya kazi vile. Alikuja kila siku, na kila siku alikuwa anapunguza. Mimi napenda kuongeza: nilitaka rangi, nilitaka ukurasa wa kueleza sisi ni nani, nilitaka ramani ya Nakivale nzima na vijiji vyake. Kila nilipoongeza aliuliza swali lilelile kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Hii inasaidia mama yako?" Nikisita kujibu, anafuta. Tuligombana mara nyingi. Kuna jioni nilimwambia hana adabu na yeye akaniambia mimi ni redio isiyozimika, tukanuniana mpaka chai ikaiva. Lakini asubuhi nilipofungua kile tulichokuwa nacho, kilikuwa chepesi, kinafunguka hata kwenye simu yangu iliyopasuka kioo. Nilikuwa namchukia na kumhusudu kwa pamoja, na zaidi nilikuwa namhusudu.

Kitu kimoja hatukukigombania kabisa. Alisema kila ujumbe wa sauti uwe wa sekunde kumi, ukizidi ukatwe. Kambini alikulia kwenye mlio wa redio za jeshi, ambako mtu anasema alipo na anachokiona, basi. Tena ujumbe mfupi hauli bando. Niliona ana akili. Tukajaribu pale Nyamityobora, yeye amesimama barabarani, mimi chumbani: "Mashine ya kwanza inasaga." Ukafika safi. Tukajaribu tena na tena, sisi wawili, na kila mara ulifika safi.

Siku ya kuonyesha tulichagua Jumamosi, wakati kwaya inafanya mazoezi na uwanja wa kanisa hapo Juru una watu. Asubuhi tulizunguka kwenye mashine tatu, tukaweka programu kwenye simu za kina mama watatu, tukawaonyesha pa kubonyeza. Mama yangu alikuwa mmoja wao, kwenye ile ya karibu. Kisha tukarudi kanisani kungoja.

Baba yake alikuja kwa boda boda. Alivaa shati la kawaida na suruali ya kitambaa, lakini mwendo haufichiki. Watu wetu wana historia na askari, si askari wa huku, ila mwili hauchagui. Wazee wa kanisa walimpa kiti kizuri na soda, kisha wakakaa mbali naye. Aliliona hilo. Aliweka soda chini, mikono juu ya magoti pahali ambapo kila mtu angeiona, akatulia hivyo. Nilimpenda kwa hilo.

Rafiki yangu akasimama, akaeleza kwa maneno machache, akaunganisha simu yake na spika za kwaya. Ujumbe wa kwanza ukaingia, kutoka mashine ya mbali:

"Bwana asifiwe sana bandugu na badada benye muko kanisani. Miye huku niko muzima, batoto beko muzima, tunashukuru Mungu mwenye alitu—"

Ukakatika. Watu wakaitika amina. Ukaingia wa pili, wa yule mama wa mashine ya katikati: salamu kwa mchungaji, salamu kwa mke wa mchungaji, ukakatika akielekea kwa mashemasi. Wa tatu ulikuwa wa mama yangu. Nilijua kinachokuja kabla haujafunguka, nikatamani ardhi inimeze. Mama alianza na Mungu, akapita kwenye mvua, na sekunde zikaisha akiwa anaulizia afya ya dada yangu.

Hakuna aliyejua mashine ipi inasaga. Kwaya ilianza kucheka, kicheko cha kupendana, lakini kicheko. Mimi ndiye niliyepaswa kuliona hili, mimi niliyezaliwa na mama yule, na nilikuwa nimekaa mjini mpaka nikasahau watu wangu wanavyofungua kinywa. Nilimtazama baba mtu. Hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake tu, na nikaona amekwisha kumhesabu miongoni mwa wale wa kukimbia.

Nikampigia mama simu, sauti nje, nikamwomba kwa unyonge aseme habari ya mashine peke yake.

"Mutoto wangu," mama akasema, na uwanja wote unasikia, "nitaanzaje na mashini na sijasalimia bantu? Bataniona sina bazazi."

Mtu mwingine angemwomba mama ajitahidi. Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwomba. Rafiki yangu akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli, kama mtu hawezi kabisa. Nikamwambia hawezi, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Hakutetea sekunde zake kumi. Sijawahi kumwona mtu akiachana na wazo lake kwa wepesi vile, wazo ambalo alikuwa nalo tangu utoto.

Alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha stoo ya kanisa, palipo na waya wa sola ya kinanda, akachomeka laptop, akaanza. Aliweka picha mbili tu mbele ya kila kitu: unga unamwagika, na kufuli. Mama anabonyeza picha kwanza, na habari ya mashine inakuwa imeshakwenda. Halafu ndipo sauti inafunguka, na hapo asalimie mpaka aridhike, hakuna wa kumkata. Tulikuwa tumeijenga programu kwa namna ambayo tukibadilisha kwetu inabadilika kwenye simu zote, kwa hiyo hatukuhitaji kuzunguka tena. Nilishika picha nikazichora, yeye akaandika. Kwaya iliona tumekwama ikaanza kuimba, na kwaya yetu ikianza haina breki. Wimbo wa nne au wa tano, akahifadhi, akasimama.

Tukawapigia kina mama kuwaeleza. Picha ya kwanza ikaingia: kufuli. Ya pili, kufuli. Ya tatu, kutoka kwa mama: unga unamwagika. Mtu mmoja akapiga mluzi, na vijana wawili wa kwaya wakaanza kufunga magunia kwenye baiskeli hapohapo. Kisha sauti ya mama ikafuata, nzima, isiyokatwa. Alisalimia kila aliyestahili. Alishukuru kwa mvua. Mwishoni akasema anamsalimu pia yule baba askari, "ule papa musoda mwenye alikuja kuangaliya kazi ya mutoto wake, Mungu amupe maisha mingi, asiogope kukaribia bantu." Wazee wa kanisa waligeuka kumtazama. Mmoja akainuka, akasogeza kiti chake karibu na cha sajini, wakapeana mikono.

Niliona macho ya yule mzee yamelowa, akasingizia vumbi.

Akainuka, akaenda pale kizingitini alipokuwa binti yake. Nilikuwa nimekaa karibu, natia chaji simu. Akamuuliza, hicho kitu kikiharibika kesho, hawa kina mama wamwite nani. Binti akajibu, "Mimi." Akauliza tena, na kesho kutwa? Akajibu, "Mimi."

"Sasa wewe iko kwa lindo," baba akasema. "Askari hatoki kwa lindo bila mtu wa kubadilisha yeye. Nani atabadilisha wewe?"

Rafiki yangu hakujibu upesi. Ni mara pekee niliyomwona akingoja. Alikuwa anawaza kwa haki kabisa, maana hajui kusema uongo, na jibu la kweli lilikuwa limekaa hapo karibu naye na waya wa chaji mkononi. Nilikuwa naijua ile programu yote, nusu ya mistari yake niliiandika mimi. Mtu yeyote angeweza kuniuliza, nami ningelazimika kusema naweza, naye angekwenda kukimbia.

Mimi, mtoto wa mama yule, mtu wa kuzunguka, redio isiyozimika, nilinyamaza. Alinigeukia aone kama nitajitolea, nikainamia simu nikaisafisha kioo.

"Hakuna," akasema.

"Basi bakia," akasema baba yake, akampigia saluti ndogo, ya kweli, akaenda kutafuta boda boda yake.