Fundi na Vitabu Visivyogongwa Muhuri

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alikuwa na saa moja tu ya kupumzika, na kwa miaka miwili aliimalizia maktabani kwetu. Hakuazima kitabu. "Nyumbani wajukuu wanachora kila chenye karatasi," aliniambia. Alikaa dirishani, nyuzi zimemganda kwenye gauni, akisoma vitabu saba vya hadithi moja ndefu ya mazimwi na watu wanaogeuka moshi. Akifika pa kuchekesha alicheka peke yake, nami nikamtolea macho anyamaze.

Mimi ndiye mkutubi. Kila mwaka natazama karatasi iliyobandikwa nyuma ya kitabu, inayogongwa muhuri kila kinapoazimwa. Kisichoazimwa miaka mitano kinaondoka. Karatasi za vile saba zilikuwa nyeupe pee. Fundi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, amefika kitabu cha sita. Nikaviuza vyote kwa mnunuzi wa karatasi chakavu, nikajipiga kifua kwamba nimepata nafasi rafuni.

Mwezi uleule hadithi ile ikaanza kuonyeshwa kila usiku kwenye televisheni. Mji ukashikwa wazimu. Watu ambao hawajashika kitabu tangu watoke shule walijaa mezani kwangu, kila mmoja akitaka kujua zimwi litakufa au la. Nikawaambia vimeazimwa. Uongo ulinitoka laini kama mafuta.

Fundi akarudi, naye nikamwambia hivyohivyo.

"Vyote, mwanangu?" Akatabasamu mpaka nikaona haya. "Basi waache wasome. Nilidhani kichaa ni mimi peke yangu."

Akajiandikisha kungoja. Dukani kwake wateja walipoanza kusimulia ya jana usiku, alikanyaga cherehani kwa nguvu asisikie. Mwisho wa hadithi alitaka ausome mwenyewe. Kila mchana alichungulia mlangoni, nami nikatikisa kichwa. Wiki tatu nzima. Nilijichukia, na bado nikatikisa kichwa.

Siku moja akaingia mnyonge. Mteja mmoja, aliyejinunulia vitabu hivyo mwenyewe, alikuwa amemsimulia mwisho wote huku akipimwa suruali. Hapo nikashindwa. Nikamweleza kila kitu: kanuni, karatasi nyeupe, mnunuzi wa chakavu, uongo wangu.

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

"Lakini mwanangu," akasema, "si ulikuwa unaniona nikisoma?"

"Nilikuwa nakuona, mama."