Maman Béa ameanzia kushoto

Naandika juu sauti yangu imeisha leo saa sita ya muchana, na siko na mafua.

Bon, munajua niko najifunza kusuka ku saluni ya Maman Béa, mutaa wa Matonge. Tresse yake, ule musuko, ya kuanzia kulia inafungua muntu, ya kuanzia kushoto inamufunga kwa uchawi.

Ng'ambo ya barabara kuko Tonton Kalala, musukaji pia, adui yake wa kazi. Nadège anajifunza kwake.

Mbele ya bantu, mimi na Nadège hatusalimiane. Lakini kule Koekelberg, nyuma ya basilika, yeye ni muchumba wangu. (Mama yangu, kama unasoma hii, pole.)

Asubui Maman ananipa nywele ku karatasi.

"Ni za Nadège, ule mutoto anajifunza kwa Kalala. Zifunge mafundo tatu, apoteze sauti."

Kukatala haiwezekane. Alors nikaficha zile, nikang'oa zangu, nikazifunga.

Saa sita, sauti yangu ikakatika. Nikashukuru Mungu, Nadège eko muzima.

Kisha ananiandikia: "Chérie, Tonton alisema nikufunge. Nimefunga nywele zangu mahali pa zako. Siwezi tena kusema."

Donc sisi bote mbili!

Mulango ukafunguka. Maman na Tonton, benye habasalimiane toka miaka, beko pamoja, banacheka. Nadège eko katikati yao, analia bila sauti.

"Tulitaka tu kujua kama munapendana," Maman anasema.

Sasa tumekalishwa mugongo kwa mugongo. Maman anasuka nywele zangu na za Nadège tresse moja. Simu iko chini ya kitambaa, naandika hii kwa kujificha.

Nani eko karibu na Porte de Namur, pembeni ya saluni yetu? Kujeni mbio.

Ameanzia kushoto.