Moshi wa Chumba cha Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nyama nikinunua buchani naipima tena nyumbani, na muuza maziwa anajua kwamba lazima nionje kwanza ndipo nitoe chombo. Kwa hiyo king'ora cha moshi kilipoanza kupiga kelele ovyo mle ndani, macho yangu yaliwageukia watu kwanza. Na watu tulikuwa wawili tu, mimi na baba yangu.

Baba nilimleta kwangu Mkonze baada ya mama kufariki. Alikuwa ameishi Kongwa maisha yake yote, akilima na kufuga, na alivuta sigara tangu ujana mpaka siku daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake na kumwambia kwamba moshi wowote sasa ni sumu kwake. Aliacha. Au alisema ameacha. Asubuhi akikohoa nilikuwa nasimama nje ya mlango wake nikisikiliza hadi kikohozi kikatike, na niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimetoka kumzika mzazi mmoja.

Hicho king'ora kilikuwa cha mwenye nyumba, mtu aliyekaa Ulaya na kurudi na mambo yake. Alikitundika darini kwenye korido, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Nikikaanga vitunguu, kinalia. Mvuke wa maji ya kuoga ukitoka bafuni, kinalia. Na msimu wa upepo, vumbi jekundu la huku linapoingia hata kwenye kabati lililofungwa, kilikuwa kinaanza chenyewe bila kuchokozwa na mtu. Mama jirani alinishauri nitoe betri nipate amani. Sikukubali. Mtu anayeniambia nizime kitu kinachonilinda, namtilia shaka hata yeye.

Nikamwita fundi. Alikifungua akakuta vumbi na utando wa buibui, akakisafisha kwa brashi laini, kisha akakihamisha mbali na jiko na bafu, mwisho kabisa wa korido, mbele ya chumba cha baba. Tangu hapo nikipika nafunga mlango wa jikoni na kufungua dirisha, na kila Jumamosi napitisha brashi pale darini. Kikanyamaza. Nilikaanga hata samaki, kimya.

Siku moja natoka kazini, mama jirani akanisimamisha getini. Akasema kile kidude chetu kimelia mchana, kidogo tu, kikakatika. Wiki ileile akaniambia tena. Nikiwepo nyumbani, hakuna kitu. Nikienda kazini au sokoni, kinalia. Machale yakanicheza.

Nilimuuliza baba kwa adabu, baada ya shikamoo na habari za mchana. Akasema ni vumbi. Nikamwambia nimelifuta jana. Akasema basi ni buibui. Hakunitazama usoni, na baba ni mtu anayemkazia macho hata ng'ombe anayetaka kumnunua.

Nikaanza upelelezi. Alipoingia kuoga nilipekua mifuko ya koti lake, nikainua godoro, nikachungulia mvunguni. Hapakuwa na kipisi wala kiberiti, isipokuwa sanduku lake la bati, na hilo lilikuwa na kufuli. Nilinusa shati lake nikakuta harufu ya moshi kweli, ila si ya sigara. Ilikuwa nzito na tamu kidogo, kama ya mti. Mwenzangu mwingine angeshusha pumzi. Mimi nikasema ameanza tumbaku ya kusokota.

Aliyenimaliza ni mama jirani. Nilimdodosa kama amewahi kumwona baba akienda dukani, akasema hapana, ila akiwasha jiko lake la mkaa uani, mzee huja pale uzioni kumwomba moto, kama watu wa kijijini wanavyoombana. Humpa kaa moja kwenye kopo. Sasa mzee asiyepika anaomba moto wa nini?

Jioni ile sikuzunguka.

"Baba, unavuta?"

Akatazama mikono yake.

"Navuta," akasema. "Kidogo tu."

Nililia kwa hasira mbele yake. Nilimwambia maneno mengi, kwamba kama anataka kunifanya yatima aniambie mapema nijiandae. Lakini nilipolala, jambo moja likaanza kunikera. Baba hajawahi kukubali kosa kwa swali moja. Mama alikuwa anamkalia kooni wiki nzima kwa sigara moja, naye anaapa kwamba ni moshi wa wenzake. Leo amekubali haraka namna ile? Sikumwamini alipokana, na alipokubali nikazidi kutomwamini.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikarudi mchana, nikapitia mlango wa nyuma, viatu mkononi. King'ora kilianza kulia nikiwa jikoni. Nikasukuma mlango wa chumba chake.

Alikuwa amekaa chini, dirisha limefungwa, sanduku la bati limefunguliwa. Katikati ya magoti yake palikuwa na kibuyu cha maziwa cha mama, ambacho nilidhani walikichukua shangazi zangu siku ya kugawana vitu. Alikuwa anakisokomezea kijinga cha mti alichokiwasha kwa kaa la jirani, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu na kumpanda usoni. Kwetu kibuyu hufukizwa hivyo ili maziwa yakae na yanukie. Ni kazi ya wanawake. Mwanaume hakigusi kibuyu kwa moto, na mzee akikutwa anakifukiza, wenzake watamcheka hadi siku ya kumzika.

Akavuta shuka akafunika vyote viwili, moto na kibuyu. Nililazimika kumnyang'anya shuka lisiungue. Kisha nikapunga kanga chini ya king'ora mpaka kikanyamaza.

"Kwa hiyo ulikubali sigara," nikasema.

"Sigara ni aibu ya mwanaume," akasema. "Hii ningemwambia nani?"

Nilifurahi na nikakasirika kwa mpigo. Mapafu hayaulizi moshi ni wa nini, nikamwambia, na kama kuthibitisha akaanza kukohoa, akakohoa sana, nikamshika mgongo. Alipotulia nikabeba kibuyu na kijinga nikatoka navyo uani. Nikasema kuanzia leo nitafukiza mimi, huku nje, yeye akae ndani anywe maziwa yake. Akafungua dirisha akanisimamia kutoka humo, kwamba nakishika vibaya, nikitikise, nisikiache kiungue ndani.

Nikakitikisa. Kilikuwa kikavu kabisa. Hapo nikakumbuka kwamba mwezi mzima ule sikuwahi kuona maziwa chumbani kwake.

"Maziwa yenyewe unayatoa wapi, baba?"

"Sina maziwa." Alikuwa ameshika nondo za dirisha. "Nikikifukiza chumba kinanukia kama mama yako yumo. Huko nje upepo unaichukua harufu yote, mwanangu. Hainifikii."

Nikasimama pale uani na kijinga mkononi, kikiwaka bado, nikimsikiliza anavyopumua kwa shida pale dirishani, nisijue nikizime au nimrudishie.