Uhakiki wa Pori la Kwamsanja

Ifahamike kwa wote kwamba eneo la Kwamsanja, kata ya Kang'ata, ni pori lisilo na mkazi wala shamba, na kwa sababu hiyo litakabidhiwa mwekezaji wa mkonge kwa manufaa ya taifa. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa duka la Semboja, hukohuko Kwamsanja, ili wasiokuwepo wapate kulisoma.

Zamda binti Mbaruku alilisoma, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Gundi umetoa wewe?"

"Bibi, wamekuja nayo."

"Na ngazi?"

Semboja akaenda kuiondoa ngazi ukutani.

Zamda alikuwa mtu wa kushuku tangu usichana. Marehemu mumewe alimposa mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza Zamda alimwona ana haraka. Vyandarua vya bure vilipogawiwa, kwake walitangulia kulala humo kuku. Kitu pekee ambacho hakuwahi kukitilia shaka ni shamba la ufuta aliloachiwa na baba yake, mpaka walipokuja wapimaji wa ardhi. Waliojitokeza kuwasalimu waliandikwa wavamizi. Tangu hapo Zamda akapitisha amri: gari likisikika, kila mtu ndani ya ufuta. Ukionekana ni mvamizi, usipoonekana ni pori. Bora pori, halifungwi.

Ndipo wakaja Hilaria na Laurenti, kutoka Dar, kutengeneza filamu kuhusu wakulima wanaokataa kunyang'anywa ardhi. Kamera alibeba Laurenti, maswali alibeba Hilaria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kawatuma?"

"Hakuna, bibi. Tumekuja wenyewe."

"Ndiyo mbaya zaidi. Aliyetumwa ana bwana wake. Wewe nikushtaki kwa nani?"

Aliwapa bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, wakala vizuri. Hilo halikumtuliza, wapimaji nao walikula, tena wakaomba kuongezewa. Mbele ya kamera akakataa kusema neno, wakabaki kupiga picha mbuzi.

Walikuwa bado wanambembeleza gari liliposikika. Watu wakazama kwenye ufuta, na wageni wakavutwa humohumo. Gari lilikuwa limemleta Bwana Erasto, afisa aliyepewa kazi ya kuhakiki kwamba hapana mtu. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye tope jeusi la bondeni magurudumu yakadidimia, dereva akapiga honi, akapiga tena. Mwisho Bwana Erasto akashuka, viatu mkononi, akaliita pori:

"Jamani, wenyeji! Njooni mtusaidie!"

"Bibi, huo mtego," Semboja akanong'ona.

"Najua ni mtego. Umesikia katuitaje?" Zamda akamgeukia Laurenti. "Hiyo mashine yako inashika na sauti?"

"Inashika, bibi."

"Basi subirini. Aite tena."

Bwana Erasto akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza neno tafadhali. Hapo Zamda akainuka, akajikung'uta, na nyuma yake ufuta wote ukainuka.

Taarifa ya uhakiki ilitoka mwezi uliofuata. Inasema afisa alilizunguka eneo lote na hakukuta mkazi.

Katika filamu ya Hilaria, gari likishatoka kwenye tope, Bwana Erasto anawapa watu mkono wa shukrani, mmoja mmoja. Inamchukua muda.